Barua kwa Bwana wa Kambi

Baada ya matanga shemeji yangu Abrahamu alikuja kutoka Mawengi, akakaa karibu na mlango bila kuvua koti.

"Mama Ema, mjane hakai peke yake kama bundi. Mvua zikiisha nakuja kukuchukua. Kwangu chumba kipo."

"Nyumba hii aliijenga kaka yako."

"Kaka yangu yuko wapi? Na wewe utakula nini?"

Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Ema, mtoto wangu pekee, ameolewa Liganga, naye ana mizigo yake. Nikitaka kubaki hapa Mjimwema, Njombe, chini ya paa langu, sina budi kupata kazi. Kanisani nikasikia kwamba kambi ya Makambako, pale manamba wanapolala wakingoja malori ya kuwapeleka kwenye mashamba ya mkonge, inatafuta mtu wa kuwapikia. Anayeitaka kazi aandike barua. Malori yake hupita kwetu, nikadhani nitakuwa nakwenda na kurudi.

Nikaandika. Nilianza na salamu kama tulivyofundishwa misheni, nikamwombea Bwana wa Kambi afya, yeye na nyumba yake. Nikaeleza ugonjwa wa mume wangu tangu ulipoanza mpaka tulipomzika. Nikamaliza: unitazame kwa huruma, mimi mjane. Juu ya mapishi yangu sikuweka neno. Kwetu mtu hajisifu kwa mkono wake. Mpishi husifiwa na waliokula.

Jibu likaja na dereva wa lori: blanketi, sukari, na kikaratasi cha kunipa pole.

Nililia, kisha nikaona haya kulia mbele ya sadaka ya mtu mwema. Nikamwomba dereva anichukue, niende nikashukuru.

Karani wa kambi, Alois, alikuwa mtu wa mzaha. "Kamwene, mama! Blanketi linafaa kwa baridi ya Njombe?"

"Linafaa, mwanangu. Lakini mimi niliomba kazi."

"Kazi!" Akaweka kalamu chini. "Mama, Bwana aliisoma ile barua akatoa leso. Hakuona chungu humo hata kimoja. Alidhani ni mambo ya kanisa."

"Sasa nijisifu?"

"Usijisifu. Aliyekutangulia kuandika alijisifu ukurasa mzima, akakosa. Mwandikie Bwana shida yake yeye, halafu mwambie utaiondoaje."

Shida yake nilikuwa siijui. Nikalala kwa mama mmoja wa kanisa letu, na kulipopambazuka nikasimama penye ua wa kambi, nikatazama. Kisha nikaazima kalamu ya Alois.

"Bwana, watu wako wanasafiri na njaa. Kuni za mpishi wa muda ni mbichi, na moto anauwasha jogoo akiwika. Honi inalia maharage yangali magumu. Wengine wakiona hivyo wanaruka ua, na lori linaondoka halikujaa. Mimi nitainjika jioni, kwa kuni kavu. Vyungu vitalala ndani ya majivu ya moto, kama tunavyofanya msibani, ambako hatujui watu watafika wangapi wala saa ngapi. Chakula kitangoja watu, si watu kungoja chakula. Nijaribu juma moja."

Alois akasoma, akakuna kichwa. "Hapo pa msiba pafute, mama. Atadhani unamchimbia kaburi."

"Ndiko nilikojifunza."

"Haya. Wewe ndiye mpishi."

Bwana wa Kambi aliisoma amesimama. Akauliza jambo moja tu: "Vyungu vikilala hapa, nani atalala navyo?"

"Mimi," nikasema, kabla sijafikiri.

"Basi njoo."

Nilifika nusu ya njia ya kurudi Njombe ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimetafuta kazi ili nibaki nyumbani kwangu, na kwa maneno yangu mwenyewe nikawa nimejitoa humo. Moto wa Makambako haulindwi na mtu aliye Mjimwema.

Abrahamu alipokuja alinikuta nafunga vyungu kwa majani makavu.

"Kwangu umekataa, unakwenda kuwapikia watu usiowajua?"

"Kwako ningekuwa mgeni, shemeji. Kule nitakuwa mpishi."

"Na nyumba je?"

Nikaongeza majani kwenye chungu. Nyumba isiyowashwa moto, kwa ukungu wa huku, haichelewi kuoza. Yeye alijua, nami nilijua. Alinipandishia mizigo kwenye lori.

Asubuhi ya kwanza maharage yaliiva kabla ya honi. Watu walikula wameketi, na hakuna aliyeruka ua. Bwana wa Kambi alichungulia chunguni, akatikisa kichwa kukubali, akaenda zake. Mtu mmoja alirudisha bakuli lake akisema, "Mama, hiki ni chakula cha nyumbani." Nilitaka kumwuliza ni mtoto wa nani, lakini walikuwa wanamwita apande.

Lori likaondoka. Kesho wangekuja wengine. Nikajipakulia yaliyobaki, nikaketi penye jiko, nikaomba kwa sauti kama tulivyozoea nyumbani, na amina nikaitikia mwenyewe.