Mdomo wa Bata

Wananiita Mama Mdomo, na wanaonijua wanasema si kwa sababu ya kazi yangu tu. Natengeneza kipuri kimoja cha mashine ya kufunga majani makavu: kile chuma kidogo kinachopiga fundo la kamba kwenye robota. Kina umbo la mdomo wa bata, basi ndilo jina lake huku kwetu. Kikichakaa, fundo halikazi, robota linafumuka shambani, na mwenye shamba anakuja mbio karakanani kwa baba mdogo.

Baba mdogo ndiye aliyenilea na kunifundisha kushika tupa. Miaka miwili iliyopita mume wangu alihamishwa kikazi mji mwingine, akaenda na binti yetu aanze shule. Mimi nikabaki "kidogo tu," kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza kutengeneza mdomo ule. Baba mdogo alinipa neno lake: siku vipuri vya kiwandani vikianza kuuzwa huku, niende zangu na baraka zote. Miaka miwili! Nimechoka kuwa mama wa kwenye simu.

Kwa hiyo asubuhi ile Bwana Haraka, mfugaji asiyejua kukaa chini, alipoingia karakanani akipunga kiboksi, nusura nimkumbatie.

"Mama Mdomo, umepata mke mwenza," akasema. "Lile duka jipya wanauza midomo ya kiwandani. Twende unifungie. Majani yangu yamelala chini, na mawingu hayo unayaona."

"Mke mwenza huyu nitamtandikia kitanda mwenyewe," nikamjibu. Alicheka. Baba mdogo hakucheka, lakini alichukua kofia yake akafuatana nasi.

Nilikifunga kile kipuri huku nikiimba. Kichwani nilikuwa nimeshapanga nguo kwenye sanduku, nimeshafika, nimeshamsuka mwanangu nywele. Bwana Haraka akawasha trekta, mashine ikaanza kumeza majani. Kabla robota la kwanza halijatoka tukasikia ta! Mdomo mpya ulikuwa umekatika vipande viwili.

"Nilisema mimi!" Baba mdogo akapiga paja. "Kiwandani wanajua nini? Chetu hakijawahi kukatika."

Nikapiga magoti nitazame. Juu ya ule mdomo kuna mkono wa chuma unaopita kulisukuma fundo litoke. Mkono ulikuwa umekigonga kipuri mgongoni. Hapo nikaelewa.

Miaka kumi na mmoja nyuma, kipuri cha kwanza tulicholetewa tukiige kilikuwa kimelika mgongo. Mimi, mbichi bado, nikakiiga na kulika kwake kote. Nilipoona mkono haukifikii, sikujiuliza. Nilichukua nyundo nikaupinda mpaka ukakifikia. Fundo likakaza, watu wakanishangilia, sifa zikanivimbisha kichwa. Tangu hapo kila mashine iliyoletwa niliipinda hivyo hivyo, kwa jicho, kila moja kwa kiasi chake. Sasa kipuri sahihi hakikai kwenye mashine yoyote ya huku.

Ningeweza kunyamaza. Nilisema kwa sababu nilitaka baba mdogo akasirike. Nilitaka anifukuze, sifichi.

"Baba, kipuri hakina kosa. Kosa ni langu," nikasema, nikawaeleza yote.

Baba mdogo akachuchumaa. Akapitisha kidole kwenye ule mkono, palipo na alama za nyundo yangu.

"Mashine ngapi?" akauliza.

"Arobaini na tatu."

"Ukiunyoosha mara moja?"

"Utapasuka. Ni wa kupashwa moto na kurudishwa kidogo kidogo, na kila hatua inataka mdomo wake uliochongwa upya. Na kiasi nilichopinda sikuandika popote. Nakijua mimi tu."

Akanishika bega. "Basi, mama. Nani alikupa ile nyundo? Si mimi? Tutazirudisha zote, taratibu, nami nitakaa na wewe."

Hakunigombeza. Angenigombeza ningeondoka siku ile ile, macho yamevimba na miguu iko huru. Mtu akikutendea wema namna ile unamkimbiaje?

"Mtaanza na yangu," Bwana Haraka akadakia. "Lakini leo nipe mdomo wako ule ule wa siku zote. Mvua haina subira."

Nilikuwa nao mfukoni. Nikaufunga, na mashine ikaenda vizuri mno, marobota yakianguka nyuma yake moja baada ya jingine, yamekazwa barabara. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hakuna aliyelisema hilo shambani pale, nilijiambia mwenyewe.

Nikampigia mume wangu nikiwa nimesimama kwenye majani yaliyokatwa. Nikamweleza habari ya mkono, nyundo na mashine arobaini na tatu, nikamwambia bado kidogo. Kila nikimwambia hivyo huuliza, "Lini, mke wangu?" nami hupandwa na hasira, tukagombana mpaka salio linakwisha. Safari hii alinisikiliza hadi mwisho.

"Haya," akasema. "Pole na kazi."

Hakuuliza lini.