Kiganja Juu ya Saa

Kazini walimwita Bi Kidole, kwa sababu alikuwa mtu wa kugombana nusu siku juu ya mahali kidole kinapotua. Alibuni namna watu wanavyoitumia saa ya mkononi, ile ya wazee, inayojua mtu akianguka. Kioo chenyewe ni kidogo kama kifuniko cha chupa, na vidole vya wazee havikuumbwa kwa ajili yake. Mzee akianguka, saa inatetemeka na kuuliza: Uko salama? Asipojibu kwa nusu dakika, inapiga simu kwa jamaa zake.

Shida ilikuwa kelele za bure. Mtu akikung'uta zulia, saa inadhani kaanguka. Bi Kidole akaja na dawa yake: usihangaike kutafuta kitufe, funika kioo kwa kiganja, saa itajua uko salama, itawatumia jamaa zako tiki ya kijani na itanyamaza. Wakaijaribu ofisini juu ya godoro. Wenzake kumi na mmoja walijitupa, wakacheka, wakainuka, wakafunika kioo. Mkuu wa kitengo akasema hajawahi kuona kazi safi kama ile. Hakuna aliyekumbuka kwamba kati ya wote wale hapakuwa na hata mmoja aliyefika miaka arobaini, wala aliyeumia.

Saa ya kwanza kutoka kiwandani alimpelekea mama yake, aliyekuwa akiishi peke yake tangu baba afariki.

"Sasa umenifunga kamba kama mbuzi," mama alisema.

"Ni ya kukulinda, Mama." Akaibonyeza kuijaribu, ikatetemeka.

"Na hii inayonitekenya?"

Bi Kidole alikuwa na haraka zake. Kazi yake ilikuwa kurahisisha mambo, na siku hiyo alimrahisishia mama yake kupita kiasi. "Ikitetemeka ujue ni mimi," alisema, akabeba mkoba wake.

Jumanne saa tatu asubuhi, katikati ya kikao, simu yake ilionyesha tiki ya kijani: Mama yuko salama. Akamwonyesha mkuu kwa majivuno. "Ingekuwa saa ile ya zamani, sasa hivi ningekuwa njiani roho juu."

Tiki ya pili ilikuja baada ya dakika kumi. Ya tatu ilipofika alitania kwamba leo mama kayavalia njuga mazulia. Ya tano ikamkera, akaandika kwenye daftari lake kwamba saa ina woga mno, kisha akazima mlio. Alikuwa na mengi ya kufanya.

Saa kumi alasiri jirani ndiye aliyepiga simu. Mama alikuwa sakafuni mlangoni mwa bafu tangu asubuhi, nyonga imevunjika. Kila alipojaribu kujiinua alianguka tena, na kila alipoanguka saa iliuliza.

Hospitalini daktari alimvuta pembeni kwenye korido, akamwambia bila kuzunguka: kwa kulala sakafuni kutwa figo zimegoma, mwili wa umri ule hauwezi tena, awaite ndugu zake. Bi Kidole aliitikia kwa kichwa. Bado hakuelewa tiki zile zilitoka wapi, maana mama hakuwahi kufundishwa kufunika kioo.

Alimkuta mama yu macho, sauti imebaki nyembamba.

"Umekuja, mwanangu. Nilijua utakuja, ulivyokuwa unaniita vile."

"Nilikuwa nakuita?"

"Si ulisema ikitetemeka ni wewe? Kila ulipoita, niliikamata hivi." Akafunika kifundo cha mkono kwa kiganja cha mkono wa pili, akabana. "Niliikamata kwa nguvu zote nisikupoteze. Ukikata, nangoja. Ukiita tena, nakamata tena. Mara tisa."

Bi Kidole alitoa simu, akahesabu tiki. Tisa.

"Ulikuwa unaita, sio?" mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Nilikuwa naita."

"Basi." Mama akafumba macho. Baada ya kitambo akayafumbua tena, akapapasa shuka. "Saa yangu wameiweka wapi? Ukienda nyumbani utanipataje?"

Ilikuwa mezani, ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na pete yake, imekwisha chaji. Bi Kidole akaitoa, akamfunga mkononi polepole, tundu la tatu la mkanda, isije ikambana.