Kulia kwa Junior

Arsène alikuwa amefunga maboksi tangu alfajiri, utepe wa gundi umemng'ang'ania vidoleni, Ranjit alipomjia na ule mwendo wake wa mtu mwenye habari mbaya asiyetaka kuibeba peke yake.

"Bwana Arsène, leo tunabaki wote mpaka jioni. Malori yamechelewa."

"Ranjit, ndugu yangu, nilikuambia Jumatatu. Leo niko na mechi."

"Uliniambia. Nami nikasema tutaona. Sasa tumeona."

Ranjit, msimamizi wa zamu, alikuwa Singasinga aliyelelewa na wazazi waliotoka Nakuru, na Kiswahili chake kilikuwa laini hata anapokufukuza. Hakuwa mtu mbaya. Ila ghala lile halikuajiri mtu kwa wiki wala kwa mwezi. Liliita kwa ujumbe wa simu, na asiyeitika leo haitwi kesho.

"Kwani unacheza?"

"Sichezi. Mi ni kocha."

"Wanakulipa?"

"Bado."

"Basi hiyo si kazi, hiyo ni ugonjwa."

Arsène akavua glavu, akaziweka juu ya boksi. "Basi nipe ruhusa ya mgonjwa."

Ranjit hakucheka. Lakini pia hakumzuia mlangoni.

Basi la kwenda Kingstanding, kwenye uwanja waliokodi kwa saa, lilitambaa, likisimama kila penye mtu na mahali pengine pasipo na mtu. Arsène alikaa juu, begi la mipira magotini. Alipokuwa chuo kikuu hapa hapa Birmingham alikuwa kwotabeki wa timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa yai: yule anayepokea mpira kwanza, akatazama uwanja mzima, kisha akaamua nani atupiwe. Vijana wa Kiingereza waliokuwa wakimwita "Asini" walijifunza kulitamka jina lake sawasawa baada ya ushindi wa kwanza. Kisha bega la kutupia likateguka. Chuo kikampa shahada, na shahada ikampa utepe wa gundi.

Timu aliyoiunda ilicheza mpira wa vitambaa. Hakuna kofia ngumu wala kugongana. Kila mchezaji ananing'iniza vitambaa viwili kiunoni, na ukinyofolewa kimoja umekamatwa. Hii ilikuwa mechi yao ya kwanza kwenye ligi, na sheria ya ligi kwa timu mpya haikuwa na huruma: ukishindwa kuimaliza mechi ya kwanza nyumbani kwako, unafutwa msimu mzima. Kwa Arsène, ambaye hakuwa na mlango mwingine wa kurudi mchezoni, msimu mzima ulikuwa mrefu kama kifungo.

Ili wapinzani wasielewe, alikuwa ameagiza ishara zote zipigwe kwa Kiswahili. Wazo lilikuwa zuri. Alichosahau kuuliza ni Kiswahili cha nani.

"Kulia!" alipaza sauti Kiran, kwotabeki wao, muuguzi mwanafunzi aliyefundishwa lugha na bibi yake mzaliwa wa Kisumu. Akatupa mpira safi kabisa, upande wa kulia.

Junior, aliyepaswa kuukimbilia, alisimama kama mlingoti. Mpira ukapita, ukaenda kulala matopeni. Wapinzani wakacheka.

"Junior, manze! I said kulia!"

"Nilisikia! Sasa nilie nini?"

Ikatokea tena. Na tena. Pembeni, Arsène alikuwa akipiga kelele kuliko uwanja mzima. "Rusha! Usirushe! Zeinab, rudi! Kiran, tazama huku!" Kiran alitazama huku, na walipomaliza kumnyofoa vitambaa alikuwa bado anatazama huku. Ilipofika mapumziko walikuwa nyuma.

"Nipe mpira," Arsène alisema. "Ona. Unarusha hivi."

Akarusha. Bega likamkumbusha yeye ni nani sasa. Alijikunja, mkono kifuani, akisubiri maumivu yaishe, na wachezaji wake wakatazama viatu vyao kwa adabu.

"Kocha," alisema Zeinab, Mmombasa mwenye mbio na mdomo wa kutosha, "tumeshaona ulikuwa fundi. Sasa tusaidie na sisi."

Maneno yale yalimkaa. Alikaa nayo kwenye nyasi baridi, kisha akamgeukia Junior.

"Ukisikia 'kulia', unafanya nini?"

"Kwetu Bukavu upande ule ni kuume. Kulia ni kulia, mutu akifiwa. Kwa hiyo nasimama, naangalia nani amekufa."

Zeinab aliangua kicheko, Kiran akamfuata. Arsène alifungua mdomo aseme kuanzia sasa ni kuume, basi, kocha ameamua. Akaufunga. Alikuwa amekumbuka kitu alichokiona kipindi chote bila kukijali: kila Junior aliposimama, mlinzi wake naye alisimama, akashusha mabega.

"Endelea kusimama," alisema. "Angalia maiti yako vizuri. Halafu kimbia."

Kipindi cha pili Kiran akaita kulia, Junior akasimama, mlinzi akapumzika, Junior akachomoka. Mpira ukamkuta kwenye mstari wa mwisho peke yake, kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Wakasawazisha.

Ndipo Hemant akaja na funguo zake. Hemant alikuwa mtunza uwanja, Mhindi mzee wa Kampala, na alitembea akiangalia kamera iliyokuwa juu ya nguzo ya taa.

"Saa yenu imekwisha. Kampuni yenye uwanja imeupangisha kwa sherehe ya watoto."

"Mzee Hemant, dakika chache tu! Mwanzoni mlichelewa kutufungulia nyinyi."

"Najua. Mimi ndiye niliyechelewa, walinipeleka uwanja mwingine kwanza. Lakini kamera haioni nani alichelewa. Inaona nani hajatoka." Akasogea, akashusha sauti. "Nje ya uzio si kwangu. Zile nyasi ni za halmashauri. Hata kamera haifiki."

Refa alisema mechi isiyoisha ni mechi iliyopotea, ila kama timu zote mbili zinakubali kuhama, yeye ana miguu. Nahodha wa wapinzani, jamaa mrefu wa Northfield, alitazama upande wa Arsène, akatazama puto kubwa lililokuwa likipulizwa katikati ya uwanja. "Tumebadili mabasi mawili kuja hapa," alisema. "Tunamaliza."

Wakavuka lango. Makoti yakawa kona, mifuko ikawa mistari. Simu ya Arsène ikatetemeka: Ranjit. *Pole bwana. Wiki ijayo hakuna zamu.* Akaisoma mara moja, akairudisha mfukoni.

Ulikuwa mrusho wa mwisho. Kiran akageuka kumtazama kocha, kama alivyofanya siku nzima. Arsène alikuwa na jibu tayari mdomoni, zuri kabisa. Akaweka mikono mfukoni na kutazama angani kama mtu anayekadiria mvua.

Kiran akasubiri. Akaelewa. Akawageukia wenzake.

"Kulia!"

Junior akasimama, na safari hii walinzi watatu, waliokwisha kujifunza, wakamzingira wasimwache achomoke. Zeinab, ambaye kwao kulia ni upande tu, alikuwa ameshafika kulia. Mpira ukashuka mikononi mwake taratibu, akavuka mfuko wa mwisho akipiga vigelegele mwenyewe.

Walipomaliza kukumbatiana, refa akafungua kalamu. Alihitaji kuiambia ligi uwanja wao wa nyumbani ni upi.

"Hapa," alisema Arsène.

"Hapa hapana jina."

"Sema: kwenye nyasi, nje ya uzio."

Kiran alikuja akipangusa tope usoni. "Kocha, mazoezi lini?"

"Jumatatu asubuhi, mkiwa na nafasi. Jumanne pia. Wiki nzima nipo," alisema Arsène. "Na anayechelewa atauzunguka uzio mzima mbio."