Blanketi la Shangazi

Binti yangu ana miaka kumi na minne, na tangu aanze kutambaa hajawahi kuniegemea. Ukimgusa anaruka kama kaunguzwa na pasi. Daktari alinieleza kuwa ni usonji, wala si kwamba hanipendi. Nikaelewa. Ila kuelewa hakumpashi mtu joto.

Kila Jumamosi nampeleka kwenye mazizi ya farasi, ambako mwalimu mmoja huwasaidia vijana kama yeye watulie kwa kumhudumia mnyama. Sisi wazazi tunasimama nje ya uzio, midomo tumefunga. Binti humsugua kwa brashi farasi jike mnene, mvivu, tuliyempachika jina la Shangazi. Akimaliza, hulaza shavu shingoni mwake na kufumba macho, hadi miguu yangu inaingia ganzi kwa kusimama.

Mtu mzima na akili zangu, nikajikuta nina mke mwenza mwenye kwato.

Nikamuuliza mwalimu Shangazi kamroga mwanangu kwa dawa gani. Akasema farasi hamkodolei mtoto macho, wala hamwiti. Anampa ubavu tu, anapumua taratibu. Na harufu, je? Akacheka, akasema harufu nayo imo.

Basi nikaazima blanketi linalokaa chini ya tandiko la Shangazi. Jioni nikajitanda, nikasimama jikoni kiubavuubavu, macho ukutani, navuta pumzi ndefu. Nyumba nzima ilinuka jasho na majani makavu. Binti akatoka chumbani, akasita, akasogea hadi nikasikia pumzi yake begani. Nikaganda. Hata inzi aliyetua puani nilimwacha ajinafasi.

Blanketi likaanza kuteleza. Alikuwa analivuta, polepole, mpaka likanitoka mabegani.

"La Shangazi hili, mama," alisema. "Atasikia baridi."

Akalikunja pembe kwa pembe, akaliweka juu ya viatu vyake ili asilisahau Jumamosi, akarudi chumbani.

Nikafungua madirisha. Nikapika. Chakula chake nikamwekea mlangoni pa chumba, maana yeye huwa hali chakula mbele ya mtu. Changu nilikila palepale jikoni, wima, mlango nimeupa mgongo, huenda akapita tena.