Mediatori ya Ulaya

Fabien aliuza mbuzi wake mzima ili anunue mediatori, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi za gitaa, kisichozidi ukucha wa dole gumba. Aliyemletea ni Patrice, mpiga besi wa kwaya ya Baraka alikopiga gitaa Fabien, tena kaka wa mkewe Clarisse, ikiwa ndani ya kiboksi cha hereni. Alisema imetoka Ulaya. Clarisse alinuna mpaka akachoka mwenyewe.

Fabien wala hakujali. Miaka yote alikuwa akipigia vipande vya ndara na kadi za simu, na sauti ilitoka kama mtu mwenye mafua. Hii mpya ilifanya nyuzi ziitike safi, hata wamama wa mstari wa nyuma wakaacha umbea wao. Rahisi ni ghali, akawa anawatambia wenzake.

Jambo moja tu lilimkereketa. Gordien, Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda aliyemfundisha gitaa tangu kukaza uzi wa kwanza, alikuwa amemnyamazia. Simu hapokei, salamu harudishi. Fabien alimpenda kama kaka, na ukimya ule ulimnyima raha. Kwaya ilipoalikwa kuimba Lusenda, alitangulia nyumbani kwake kutafuta amani, akiwa na mediatori yake mkononi.

Gordien aliitazama.

"Kumbe unaipigiaka. Mi nilizani uliitupa."

"Hii imetoka Ulaya, mwalimu. Patrice ndiye aliniuzia."

Gordien hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na kipande cha pembe ya ng'ombe kutoka milima ya Bibokoboko, kimekatwa ubavuni. Akaichukua mediatori na kuipachika pale. Ikakaa sawasawa, na mstari mweupe wa pembe ukapita toka huku hadi kule bila kukatika.

"Niliichonga mi mwenyewe, nikamupa Patrice akuletee zawadi. Kwetu, muntu akipewa kitu anarudi kushukuru. Nilikungojea, Fabien. Mwisho nikasema, huyu iko na kiburi."

Aibu na hasira vilimshika Fabien pamoja. Mtu anayekula ugali mezani kwake alimwibia mbuzi, hilo lingesameheka. Lakini alimwibia na shukrani, akamwacha aonekane mtovu wa adabu mbele ya mwalimu wake. Akashika mikono ya Gordien kwa mikono yake miwili, akashukuru kama inavyopasa.

Alimkuta Patrice uani kwa kanisa, akikaza nyuzi za besi.

"Sasa shemeji unakasirika nini?" Patrice alisema alipoelezwa. "Hailii muzuri?"

Ililia vizuri, na hilo ndilo lililomchoma Fabien zaidi. Akatoa kile kiboksi cha hereni mfukoni, kitupu, akamwekea kiganjani.

"Ile uliniuzia ni hii," alisema. "Ile ingine ilikuwa yangu tayari."

Siku hiyo kwaya iliimba, na Fabien akapiga gitaa akiwa amempa Patrice mgongo.