Kosa Liitwe kwa Jina Lake

Katika kiwanda cha kushona sare, mstari wa tatu, alikuwepo mshonaji wa kola ambaye wenzake walimwita Mkasi. Jina hilo hakulipata kwa kazi, alilipata kwa ulimi. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini likimtoka moja linakata.

Mstari ule ulikuwa na wanawake arobaini na kibao kimoja cha mbao chenye kamba. Aliyetaka kwenda chooni alikivaa shingoni kwanza, na Meneja, ambaye kiti chake kilikuwa kando ya mlango, aliandika dakika ya kutoka na dakika ya kurudi. Kibao kikiwa kwa mwingine, unasubiri. Siku moja mshonaji wa mifuko, mjamzito wa miezi saba, alisubiri mpaka akashindwa kujizuia. Alijifunga kipande cha kitambaa cha sare kiunoni, akarudi kwenye mashine yake, akaendelea kushona huku machozi yakimdondokea mikononi.

Asubuhi iliyofuata mlango wa choo ulikuwa umebandikwa kadibodi, imeandikwa kwa kalamu nene nyeusi:

*Bwana mkubwa wa saa, kibao ametundika,*
*Mlangoni amekaa, dakika anaandika;*
*Tumbo likimkataa, naye nani tamwandika?*
*Atatoka akipaa, suruali kaishika.*

Kufika saa sita, mistari yote mitatu ya kiwanda ilikuwa imeyashika maneno hayo kwa kichwa. Meneja aliibandua kadibodi kwa mkono wake mwenyewe. Hakuuliza nani kaandika.

Barua ilimfikia Mkasi siku ya Ijumaa. Iliandikwa kwa Kiingereza, kama barua zote za ofisi ile, na afisa utumishi alikuwa ameibania karatasi ya pili kwa Kiswahili: "Unashtakiwa kwa kuutukana uongozi kwa maandishi. Utasikilizwa Jumanne." Kila mfanyakazi alijua kanuni ya matusi. Ukipatikana na hatia, unafukuzwa siku hiyohiyo.

"Omba radhi, mwanangu," mama yake alimwambia nyumbani. "Sema ulikuwa unatania, yaishe."

Mkasi aliichukua barua akaenda kwa mjomba wake, aliyefanya kazi ya kusahihisha maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini, na ambaye hata sasa alisoma pakiti ya sukari akiwa na kalamu mkononi. Mjomba aliivuta miwani, akaisoma barua mara mbili.

"Hii karatasi ya Kiswahili kaandika nani?"

"Afisa utumishi."

"Basi ama hajui ama anajua sana. Kiingereza hakisemi ulitukana." Aliweka kidole kwenye aya ya pili. "Kinasema *lampoon*."

"Nililiona hilo. Nikadhani ni jina la ugonjwa."

Mjomba alicheka, akalishusha kamusi lake rafuni. Lilikuwa limeshonwa mgongo upya kwa uzi wa viatu. "Ni maandishi ya kumkejeli mtu mbele za watu. Unaichukua kasoro yake, unaikuza, watu wanacheka, na yeye anajiona. Linatumika kama jina na kama kitendo. Unaweza kuandika lampoon, na unaweza kum-lampoon mtu."

"Kwa Kiswahili je?"

"Tashtiti. Wengine watasema kejeli, wengine dhihaka. Lakini tusi ni kitu kingine, mama. Tusi halihitaji ukweli. Nikikuita nguruwe, utanijibu nini? Ila hii yako, kama Meneja hakai mlangoni na saa, hakuna atakayecheka."

"Na utani?"

Mjomba alivua miwani. "Utani ni wa watu walio sawa, wanaopendana. Ukisema ni utani, pengine watakuachia, na dada yangu atapata usingizi. Sikulazimishi."

"Mimi sikumtania, mjomba. Nilitaka aone aibu."

"Basi beba kamusi."

Jumanne alilibeba kwapani kama mtoto. Chumba cha kikao kilikuwa kidogo, kina meza ndefu na feni isiyozunguka. Meneja alikaa kati, afisa utumishi kulia kwake, na kushoto mwakilishi wa wafanyakazi, mzee wa kitengo cha pasi. Afisa alimsogezea karatasi iliyokwishachapwa. Ilisema alikuwa akitania tu, na kwamba anaomba radhi.

"Weka sahihi hapo, urudi kwenye mashine yako," afisa alisema kwa upole.

"Sikuwa natania," Mkasi alisema. "Naomba usome barua yenu. Ile ya Kiingereza, aya ya pili."

Afisa alisoma. Alipofika kwenye lile neno, sauti ilimpungua. Mkasi alilifungua kamusi mahali palipowekwa kipande cha uzi, akalisukuma katikati ya meza.

"Hilo kosa nimelifanya," alisema. "Nalikubali, andikeni. Lakini matusi sikutukana."

"Karatasi nzima imejaa matusi," Meneja alisema.

"Nionyeshe tusi ni neno gani."

Kadibodi ilikuwa mezani. Meneja aliipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, akaishia mwisho. "Suruali," alisema.

Mzee wa pasi alikohoa. "Suruali si tusi, bosi. Hata sisi tumevaa."

Afisa aliinamisha kichwa kwenye daftari lake na mabega yakamtikisika. Meneja alimgeukia Mkasi. "Umenifanya kichekesho kiwanda kizima."

"Ndiyo. Na mshonaji wa mifuko alijiharibia mbele ya watu arobaini, wewe ukaendelea kuandika dakika. Yeye hakuna aliyemwitia kikao."

Mzee wa pasi aliomba kitabu cha kanuni, akakifunua taratibu, akasema haoni mahali tashtiti ilipokatazwa. Mwishowe walimpa onyo la maandishi kwa utovu wa nidhamu, na kumhamishia meza ya kukata nyuzi, kazi ya chini kuliko zote, yenye vumbi la kukohoza. Mkasi hakuweka sahihi mpaka afisa alipolikata neno "kutukana" kwa wino na kuandika "kukejeli" juu yake.

Kesho yake mshonaji wa mifuko alisimama, akashika kiuno, akapita mbele ya Meneja kwenda chooni bila kibao shingoni. Meneja aliandika. Akapita wa pili, wa tatu, kisha watano kwa pamoja wakizungumza mambo yao. Wiki ya tatu kiti cha mlangoni kilihamishwa, na kibao hakikuonekana tena. Hakuna tangazo lililotolewa.

Mkasi hakurudishwa kwenye kola. Siku moja afisa utumishi alisimama kando ya meza ya nyuzi, akamtazama akipangusa vumbi usoni.

"Ungekubali tu kwamba ni utani, dada, leo ungekuwa mahali pazuri."

"Najua," Mkasi alisema. Akavuta sare nyingine, akaigeuza ndani nje, akaanza na nyuzi za mkono wa kushoto.