Pole za Bure

Mwanangu alipoondoka kwenda chuo kikuu nilimsindikiza hadi kituoni, nikasimama mpaka basi likakata kona, kisha nikarudi nyumbani mbio. Sikukimbia kwa uchungu. Nilikuwa na haraka ya kuhamisha cherehani.

Tangu azaliwe nimeshonea sebuleni, maana nyumba yetu ni ya mimi na yeye tu, na ina vyumba viwili, changu na chake. Wageni wangu wamekalia pini, wamekunywa chai yenye nyuzi, na mmoja aliwahi kuondoka na tepu yangu ya kupimia inaning'inia mgongoni. Chumba cha mwanangu kina dirisha kubwa linaloingiza mwanga tangu asubuhi, na kwa fundi anayetunga uzi kwenye sindano kutwa nzima, dirisha kama lile ni mali. Kabla jua halijazama nilikuwa nimekisimamisha kitanda chake ukutani, cherehani iko chini ya dirisha, na sare za wanafunzi zimetundikwa kila mahali. Nikasimama katikati ya chumba nacheka peke yangu. Nilikuwa na furaha, na sioni kwa nini niifiche.

Tatizo lilikuwa watu. Kesho yake alikuja dada yangu mkubwa, akakaa, akashika tama.

"Pole, mdogo wangu. Nyumba imekuwa kimya."

Kweli ilikuwa kimya, tena kimya kitamu. Lakini utamwambiaje mtu aliyefunga safari kuja kukuliwaza kwamba jana ulilala usingizi wa pono? Nikainamisha kichwa, nikafuta jicho kavu kwa kipande cha kitambaa. "Ndiyo hivyo, dada. Tutafanyaje." Jirani alipokuja, nikaguna. Mwenye duka aliponipa pole, nikashusha pumzi ndefu hadi akaniongezea sukari. Kusema kweli nilianza kunogewa.

Sikujua kwamba dada anaongea na mwanangu kwenye simu, na dada hajawahi kusema jambo bila kulitia chumvi. Wiki haijaisha, mwanangu akanipigia.

"Mama, kesho narudi."

"Mmefunga mara hii?"

"Hatujafunga. Mama mkubwa kaniambia huli, hulali, unalia tu. Naacha chuo. Nitatafuta kozi yoyote hapo karibu nikae na wewe."

Akakata simu kama mtu anayeogopa kubishiwa. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena, hivyo hivyo. Tangu akiwa mdogo huyu mtoto hana wimbo mwingine ila udaktari wa mifugo, amesoma mpaka macho yakavimba, na sasa anaitupa nafasi yake kwa sababu mama yake anajua kuigiza.

Dada alipopata habari alikuja anahema. "Rudisha kitanda haraka. Akiona umemfungasha hivi utamvunja moyo."

Nikakishika kile kitanda. Nikakiacha palepale. Nilishamdanganya vya kutosha.

Kesho yake sikwenda kumpokea. Nilikaa kwenye cherehani, redio iko juu, nashona huku naimba. Akasukuma mlango wa chumba chake, begi begani. Akakitazama kitanda, akazitazama sare, akanitazama mimi.

"Mama, ndiyo kulia kwenyewe huku?"

"Sijalia hata siku moja. Nilikuwa naitikia pole za watu. Siku uliyoondoka nilihamisha cherehani kabla chai uliyoibakiza haijapoa. Nakupenda, mwanangu, na nimefurahi umeondoka. Yote mawili ni kweli."

Nikasubiri anune. Akalitua begi, akaketi juu ya rundo la sketi, akacheka hadi akashika mbavu.

"Basi na mimi nikwambie. Nimepapenda kule, mama, nimepapenda mno. Juzi walitupeleka tukaona ng'ombe akizaa. Siku inaweza kuisha sijakukumbuka hata kidogo. Nilipoambiwa unalia, nikajiona mtoto mbaya. Hicho ndicho kilichonirudisha."

Ilinichoma, sikatai. Siku nzima! Halafu nikayatazama macho yake, jinsi yalivyong'aa alipomtaja yule ng'ombe, na ile furaha yangu ya siku ya kwanza ikarudi imenenepa.

"Unaona mwenyewe kitanda kiko ukutani," nikamwambia. "Leo huna pa kulala hapa. Ule, tukawahi basi la jioni."

Njia nzima hadi kituoni alinisimulia: ndama alivyotanguliza miguu, mwalimu alivyokunja mikono ya shati, mwanafunzi mmoja alivyozimia. Alipanda basi bado anaongea. Kupitia dirishani nilimwona akikaa, akamgeukia abiria wa pembeni yake, akaanza upya, mikono hewani, kumwonyesha jinsi ndama anavyovutwa. Basi likaondoka. Alisahau hata kunipungia mkono, na sijawahi kusahauliwa nikafurahi namna ile.